Ua la Ami Shee kwenye Sahani Sita

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, feni inazunguka, na mguu wangu wa kulia una rangi ya zambarau kuanzia kidole gumba mpaka kifundo (mtaelewa huko mbele). Mnaonijua, msinipigie simu kwanza. Someni mmalize.

Kwa wasiojua kazi yangu: mimi ni Swafiya wa Mkomani, hapa hapa Lamu, na kazi yangu ni kupiga muhuri kwenye plastiki. Si muhuri wa ofisi. Mradi wa chuo kimoja cha Nairobi umekodi chumba cha ghorofani karibu na kwetu, na humo tunalea seli za samaki. Mwenzangu Kombo, mtu wa Kiunga, huleta tewa mzima mzima kwenye ndoo, tunakata kipande kidogo cha pezi, samaki anarudishwa majini akiwa amekasirika, na seli zake zinabaki zikiishi kwenye visahani vyetu vya plastiki. Tunataka kujua ngozi inavyojiziba ikipata kidonda.

Sasa seli ukizimwaga tu kwenye plastiki zinakaa ovyo, kama wageni wa arusi wasioonyeshwa mkeka. Huwezi kujua nani anakwenda wapi. Kwa hiyo mimi nachukua muhuri wa mpira laini wenye mistari, naupaka protini ambayo seli hupenda kuishika, naugandamiza kwenye sahani, nauinua. Mistari inabaki pale, lakini kwa macho huioni. Kwingine kote napaka kitu kinachozifukuza. Nikimimina seli, zenyewe zinatafuta mistari na kujipanga. Mara ya kwanza nilipoona zimejipanga nililia (Kombo ni shahidi, ingawa nilimwambia ni dawa ya kusafishia meza).

Muhuri huo unatoka kwenye kalibu. Unamimina mpira kwenye kalibu, unakauka, unaubandua. Na kalibu, ndugu zangu, ndiyo iliyonimaliza.

Wenzetu wa Nairobi na ng'ambo kalibu zao zinachongwa na mashine za bei ya nyumba, ndani ya vyumba visivyo na chembe ya vumbi. Sisi chumba chetu kina kuta za matumbawe. Ukifunga mlango kwa nguvu, ukuta unakunyunyizia unga. Basi nilikwenda kwa Ami Shee, ndugu yake marehemu baba, ambaye tangu nimjue kazi yake ni kuchonga milango na vitanda. Nikampa kipande cha mpingo, nikamwambia nataka mistari ishirini, kila mmoja wembamba wa uzi. Alinoa sindano ya kushonea magunia akaifanya patasi, akavaa miwani miwili kwa mpigo, akachonga. Mistari ikatoka safi kuliko niliyoiota.

Hapo ndipo nilipoharibu. Daktari Mwende, mkuu wa mradi wetu huko Nairobi, alipoona picha za sahani zangu alinipigia simu kuuliza kalibu nzuri namna ile nimeipata wapi. Nikaona haya. Nikawaza: nikimwambia ni ami yangu na sindano ya gunia, atasema Lamu wanacheza. Nikamwambia ataona kwenye ripoti, na kwenye ripoti nikaandika hivi: "Kalibu ilichongwa kwa kifaa cha usahihi wa juu kilichopo Lamu." (Kifaa hicho kina miaka sitini na mitatu, kinavaa kikoi, na kisipopata kahawa ya asubuhi hakisemi na mtu.)

Wiki iliyopita kalibu ile ikapasuka. Ami Shee akanichongea nyingine, akaniletea nyumbani. Niliikagua kwa lenzi, mstari kwa mstari, yote ishirini. Haikuwa na kasoro. Nikaifunga kwenye kitambaa nikaiweka juu ya kabati ya mama, kwa sababu paa la maabara linavuja. Kumbukeni hilo: niliikagua.

Siku mbili baadaye naichukua asubuhi, mbio mbio, mama akaniita kutoka jikoni. "Swafiya, ami yako alipita hapa yana."

"Sawa mama, nitamwona."

"Alichukua hako kaubao kako..."

"Mama, nimechelewa!" Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nikatoka.

Nikamimina mpira bila kukagua tena; mpingo ni mweusi, michongo ni myembamba kama uzi, na mimi nilikuwa mbioni. Ukakauka. Mpira wenyewe ni mweupe kama kioo, ukiangalia haraka huoni kitu. Nikapiga mihuri sahani sita, nikamimina seli, na jana jioni nikachungulia kwenye hadubini ukingo wa sahani moja. Hadubini yetu inaonyesha sehemu ndogo kama punje ya mtama. Nikaona mistari mitatu, imenyooka, imejaa seli. Nikafunga. Nikalala usingizi mzuri (wa mwisho kwa muda mrefu, naona).

Haya, sasa leo.

Leo asubuhi Daktari Mwende alifika. Mara yake ya kwanza Lamu. Alikuja kwa gari la mradi mpaka Mokowe, akavuka kwa boti, akapanda uchochoro wetu akiwa na tabasamu la mtu mstaarabu. Nyuma yake walikuja punda wawili. Punda walibeba masanduku sita. Masanduku yenyewe yalikuwa mapya, yana povu ndani, na yalikuwa matupu.

Kombo akayaangalia. "Daktari, haya ni ya nini?"

"Inategemea," akasema Daktari.

Mnaona jinsi neno moja linavyoweza kumkausha mtu mate. Inategemea nini? Akatuambia bila kuzunguka, na kwa hilo namheshimu. Huko chuoni wanasema chumba cha Lamu ni gharama bure. Kama kazi yetu ni ya kubahatisha, hadubini, jokofu, kila kitu kinaingia masandukuni leo na kuhamia Nairobi. Kama ni ya kweli, kinabaki. Na mimi vifaa vikihama, ama nivifuate ama nitafute kazi nyingine. Kuvifuata siwezi. Mama yangu magoti yamemkataa, chumba chake kiko juu, na mtu wa kumpandisha ngazi kila siku ni mimi. Masanduku yale yakapangwa kwenye baraza la ghorofani, nje ya mlango wetu, vifuniko wazi. Kila nilipopita niliyaona yameniachamia.

Basi nikaamua kumwonyesha Daktari kazi kwa kishindo. Ningeweza kumwonyesha picha tu, yakaisha. Lakini hapana. (Sifa zangu hizi.) Nikamwambia nitatia rangi sahani moja mbele yake. Tuna rangi ya zambarau ambayo huzishika seli tu na kuiacha plastiki iliyobaki nyeupe. Seli zinakufa, lakini zinabaki pale pale zilipo, na unaona mchoro wote kwa macho yako, bila hadubini.

"Utaona mistari ishirini," nikamwambia. "Imenyooka."

"Nzuri," akasema. "Na ile mashine ya kuchongea kalibu, ningependa kuiona pia. Chuoni wote wananiuliza ni ya aina gani."

Kombo alikuwa anafuta meza. Mkono wake ukasimama.

"Mashine," nikasema. "Mashine iko... imepelekwa Mombasa. Imeharibika kidogo. Inatengenezwa."

"Pole. Imeharibika nini?"

"Macho," nikasema. (Sijui lilitoka wapi. Nilikuwa nawaza ile miwani miwili.)

"Macho?"

"Sehemu ya kuonea."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Kombo akaendelea kufuta meza mahali pale pale, mpaka nikaogopa atatoboa.

Nikachukua sahani ya kwanza. Nikamwaga maji ya chumvi taratibu, nikatia dawa ya kuzishika seli, tukangoja, nikatia rangi. Tukangoja tena. Nikasuuza mara moja. Mara mbili. Nikaiinua juu ya karatasi nyeupe mbele ya Daktari, na mimi sikuiangalia, nilikuwa namwangalia yeye, nione atakavyofurahi.

"Kama unavyoona," nikasema kwa sauti ya mtu aliyezoea mafanikio, "mistari."

Daktari akainama. "Mistari naiona. Na hili ni nini?"

Nikaangalia.

Katikati ya sahani kulikuwa na ua. Ua! Kubwa kama kifungo cha shati, lina petali nane, kila petali na mshipa wake, ua lile lile lililo kwenye milango ya nusu ya Mkomani. Mistari yangu imelizunguka kwa heshima. Na chini ya ua, kwa herufi ndogo safi, za zambarau, zilizopangwa na seli hai za tewa wa Kombo kwa hiari yao wenyewe:

SHEE FUNDI
MILANGO NA VITANDA

Ndugu zangu. Nimesoma miaka sita chuo kikuu. Nimewafundisha viumbe wasio na ubongo kukaa kwenye mistari. Nao wamekaa, wamenyooka, wanatangaza vitanda.

"Labda sahani hii imechafuka," nikasema.

"Imechafuka kwa maandishi?" akauliza Daktari.

Nikachukua ya pili. Kwa papara chupa ya rangi ikanidondoka, nusu ikamwagikia mguuni. Sikujali. Nikatia rangi iliyobaki, nikasuuza. Ua. Shee fundi. Milango na vitanda. Ya tatu sikuitia rangi, niliiweka chini ya hadubini nikaisogeza mpaka katikati. Petali ya kwanza ikapita polepole mbele ya jicho langu kama jahazi la mtu asiyenitakia mema. Ya nne pia. Ya tano. Ya sita nilifungua kwa kutimiza wajibu tu.

Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono magotini, ananisubiri. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Swafiya," akasema, "naomba nielewe. Hiyo mashine iliyoko Mombasa, inaitwa Shee?"

Kabla sijajibu, ngazi zikalia. Mtu alikuwa anapanda taratibu, anakohoa kidogo kila hatua ya tatu. Kikohozi hicho nakijua tangu nimezaliwa.

"Hodi wenyewe!"

Ami Shee. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, ambayo huitoa siku ya Idi, mkono mmoja birika la kahawa, mkono mwingine kisahani cha halwa na vikombe. Mama alikuwa amewaona punda wakipita na masanduku, akampelekea habari kwamba Swafiya amepata mgeni mkubwa wa kutoka bara. Na kwa Ami Shee mgeni hapiti mtaani bila kahawa, hata kama mgeni mwenyewe amekuja kung'oa meza.

"Bi Daktari, karibu Amu," akasema akiwa mlangoni (Amu ndiyo Lamu kwa wenyewe). Anajua chakula hakiingii mle ndani, nimemwambia mara kumi, basi akafunga kifuniko cha sanduku mojawapo, akaweka birika juu yake, akafuta mikono, akaingia. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye karatasi nyeupe.

"Alaa! Ua langu!"

Mimi nikaangalia dari.

"Limetoka vema sana," akaendelea, ameinama, ameshavaa miwani ya kwanza na anatafuta ya pili mfukoni. "Tizama petali hii. Tizama! Hata mshipa umeshika. Swafiya, mbona hukunambia latoka vema hivi?"

"Ami," nikasema, "ua hili limeingiaje kwenye kalibu yangu? Mimi niliikagua. Ilikuwa na mistari tu."

"Ndiyo. Mistari mitupu!" Akamgeukia Daktari, akimtaka awe hakimu. "Nalimpa huyu ubao, nikarudi nyumbani, usingizi haukuya. Mtu hutoa kazi mistari mitupu? Hata mlango wa choo mimi hutia ua moya. Nikenda kwao, yeye hayuko, nikamwambia mamake nipa ule ubao, kazi haiyaisha. Nikaimaliza, nikairudisha pale pale juu ya kabati, nikaifunga na kitambaa chake."

Hapo nikakumbuka kiatu changu kimoja, na mama jikoni, na "mama, nimechelewa". Yaani aliniambia. Nilichokosa ni dakika moja ya kumsikiliza.

"Mzee, karibu ukae," akasema Daktari, akainuka kumpisha kiti. "Wewe ndiye Shee?"

"Ndimi."

"Na kalibu zote hizi umezichonga wewe?"

"Kwa mkono huu. Ya kwanza na hii ya pili."

"Basi ile mashine iliyoko Mombasa ni ya nani?"

Ami Shee akamwangalia Daktari, akaniangalia mimi. "Mashine gani?"

Kombo akageukia ukuta. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwa na pa kukimbilia, kati yangu na mlango walikuwa Ami na Daktari, dirisha liko ghorofa ya pili. Nikasema. Nikasema yote, haraka, kama mtu anayebandua plasta. Kwamba hakuna mashine. Kwamba kifaa cha usahihi wa juu kilichotajwa kwenye ripoti ni ami yangu.

"Mimi?" akasema Ami Shee. "Mimi ndimi mashine?"

"Ya usahihi wa juu," Kombo akasema akiwa bado ameuangalia ukuta. (Kombo, hilo nimeliweka.)

"Na nimeharibika?"

"Kidogo," nikasema.

"Mombasa?" Sauti yake ilikuwa ya mshangao mtupu. "Mimi mwaka huu hata Mokowe siyavuka."

Hapo Daktari akaziba mdomo. Kombo akatoka nje kabisa, tukamsikia kwenye ngazi akicheka peke yake mpaka mwangwi ukarudi. Na mimi ningecheka pia, wallahi, kama Ami Shee asingevua miwani yake na kuniangalia kwa macho yale ya baba.

"Swafiya, mwanangu. Ulinionea haya?"

Hakusema kwa hasira. Alitaka kujua tu. Mtu huyu alinichongea kitanda changu cha utotoni, alikaa usiku na mchana na sindano ya gunia kwa sababu nilimwambia nina shida, hakuniuliza ni ya nini, hakutaka hata asante. Na mimi nikamwita kifaa. Nilitaka sakafu inimeze, na sakafu zetu za boriti zinajulikana, pengine ingekubali.

"Ndiyo, Ami," nikasema. "Nilikuonea haya. Nisamehe."

Akapangusa vioo kwa ncha ya kanzu. Kisha akavaa miwani. "Haya. Lakini jina langu umelitia?"

"Umelitia mwenyewe, Ami."

"Ehe. Nalijua hutolitia."

Kumbe katika mazungumzo yote haya Daktari alikuwa ameshahamia kwenye hadubini. Ile sahani ya sita, ambayo seli zake bado zilikuwa hai, ilikuwa pale pale nilipoiacha. Anageuza kidude cha kuiweka picha wazi, anasogeza, anarudi nyuma. Akarudia, mara tatu, mara nne. Nje punda mmoja alilia. Nikahesabu masanduku kichwani na kufikiria hadubini itaingia kwenye lipi.

"Njoo uone," akasema hatimaye.

Nikaangalia. Kwenye mistari seli zilikuwa zimelala ndefu, zimenyooka, zinafuatana. Lakini kwenye ncha za petali, pale mchoro unapobana na kugeuka, zilikuwa zimesongamana, zimepandana mabegani, na chache zilikuwa zimenyoosha miguu kuvuka kwenye nafasi tupu kwenda petali ya pili. Kwenye mistari sijawahi kuona zikifanya hivyo.

"Mistari yako inaonyesha seli zinavyotembea barabara ikiwa imenyooka," akasema Daktari. "Lakini samaki akiumwa na mwenzake, kidonda chake kina mstari ulionyooka?"

"Hapana."

"Kina ncha. Kina kona. Kina vidole." Akamgeukia Ami Shee. "Mzee, unaweza kunichongea petali peke yake? Moja iwe na ncha kali, moja butu, moja pana, moja nyembamba?"

"Naweza. Lakini ni za nini?"

Daktari akamwekea kiti mbele ya hadubini. Ami Shee akakaa, akavua miwani yote miwili, akafumba jicho moja kwa kidole. Mara ya kwanza aliona kope zake mwenyewe, akalalamika. Mara ya pili akashika ukingo wa meza. Seli moja ndani ya sahani lazima ilikuwa inanyoosha mguu wakati ule, kwa sababu Ami alirudi nyuma ghafla.

"Hivi ni vyenye uhai?"

"Vina uhai," nikasema.

"Na vimekaa kwenye ua langu?"

"Vimekaa kwenye ua lako, Ami. Vimelipenda."

Akaweka jicho tena. "Subhanallah," akasema polepole, na safari hii hakumwambia mtu yeyote.

Tulikunywa kahawa barazani, juu ya masanduku. Daktari alikula halwa vipande vitatu, akalamba kidole. Kisha akamwita mwenye punda, akamwambia masanduku yarudi Mokowe kama yalivyokuja.

"Matupu?" mwenye punda akauliza.

"Matupu. Chumba kinabaki." Akanigeukia. "Kwa sharti moja. Ile ripoti unaiandika upya sasa hivi, kabla sijapanda boti. Na hiyo sentensi ya mashine utaisoma kwa sauti, mzee mwenyewe akiwa hapa."

Nilitaka kusema nitaituma kesho. Nikamwona uso wake, nikafungua kompyuta.

Basi nimesimama pale barazani, mguu wa zambarau, Kombo mbele yangu na kikombe, majirani wawili wamechungulia kutoka madirishani mwao kwa sababu ya kelele za punda, nikasoma: "Kalibu ilichongwa kwa mkono, kwa sindano iliyonolewa, na fundi Shee wa Mkomani, Lamu, ami yake mtafiti."

Ami Shee akainua kidole. "Ongeza: milango na vitanda."

Nikamwangalia Daktari. Nilikuwa na hakika atanitetea. Hii ni ripoti ya chuo kikuu, jamani.

"Ongeza," akasema Daktari.

Nimeongeza.

Jioni hii nimempandisha mama ngazi. Katikati ya safari alisimama kupumzisha magoti, akauangalia mguu wangu, hakuuliza rangi imetoka wapi. Alisema tu, "Mimi nalikwambia ami yako alipita. Ulikuwa na kiatu kimoja." Nikamwambia ndiyo mama, ulinambia, endelea na lile ulilokuwa unasema. Alishangaa mpaka akasahau lilikuwa nini, tukakaa pale kwenye ngazi akanisimulia mengine ya mtaa mzima, na nimeyasikiliza yote, neno kwa neno, hadi adhana ya magharibi.

Rangi wamesema itatoka baada ya siku nne au tano. Kazi ninayo, chumba kipo, na kuanzia sasa hakuna sahani itakayotoka mle ndani bila ua, hilo limeshaamuliwa na Daktari na Ami juu ya kichwa changu. Kuchekwa nimeshakubali. Ila nawasihi jambo moja, kwa heshima ya marehemu baba: mkikutana na Ami Shee uchochoroni, msalimieni vizuri, muulizeni afya, muulizeni vitanda, lakini msimuulize amerudi lini kutoka Mombasa.